Anti Rodah na Neno la Vipande Sita

Kila asubuhi anti Rodah alikuwa anakamua ng'ombe wa Mzee Johana huku akikata neno vipande. Akivuta chuchu, kipande kinaingia ndooni na maziwa: ok, si, te, tra, sai, klin. Ni jina la dawa ya sindano ya ng'ombe. Gichana, mwenye duka la dawa za mifugo pale Chepilat, mpakani mwa Wakipsigis na Wakisii, alikuwa amemwambia, "Ukiitaja bila kukwama, kazi ya kaunta ni yako."

Anti aliitaka hiyo kazi sana. Alikuwa amechoka kunyeshewa akikamua ng'ombe wa wenyewe.

Shida ilikuwa ulimi. Kwetu sisi Wakipsigis, t na d ni ndugu, k na g ni mapacha.

"Anti, umesema dedra," nikamwambia.

"Nimesema dedra."

"Ni tetra."

"Si ndiyo hiyo nimesema?"

Mzee Johana naye alikuwa anatusikia. "Rodah, huyo ng'ombe hajaomba Kizungu."

Siku ya soko tukaenda dukani. Anti akasimama mbele ya kaunta, mikono ikaanza kuvuta hewa. "Og. Si. De. Dra. Sai. Glin."

"Huyo anakamua nani?" mama mmoja mwenye ndizi akauliza.

Gichana akatikisa kichwa. "Hapana, dada. Ni o-ki-si-te-ti-ra-sai-ki-ri-ni."

Nikaangalia chini nisicheke. Gichana ni Mkisii, na neno likiingia kwa mdomo wake linazaa watoto.

Tukiwa bado hapo, akaingia Kipkurui, jirani yetu, akiwa na haraka. Daktari wa mifugo alikuwa amemtuma dawa. "Nipe ogsidedrasaiglin."

"Nini?"

Kipkurui akarudia. Gichana akamwekea dawa ya minyoo.

Anti akanyoosha kidole kwa rafu. "Anataka ogsidedrasaiglin, ile pale."

"Hiyo hiyo," Kipkurui akasema. "Huyu mama ndiye anaitaja vizuri."

Gichana akacheka mpaka akakalia gunia la chumvi ya ng'ombe. "Haya. Wewe utaongea na watu wa kwenu, mimi na wa kwetu. Njoo kesho."

Jioni anti akakamua mpaka tone la mwisho, ndipo akamwambia mzee.

"Kazi gani ya kutaja majina?" Mzee Johana akauliza. "Utarudi hapa kabla mvua iishe."

"Pengine, mzee."

Akavua gambuti za mzee, akazipanga mlangoni, akavaa ndara zake. Akafunga geti vizuri ndama wasitoke, akashika njia ya katikati ya majani chai. Mvua iliisha, ikaanza ingine. Hakurudi.