Ufunguo wa Swichi Kubwa

Juzi binti yangu, ambaye sasa ni fundi umeme, alikuja kunibadilishia breka iliyoungua. Alizima swichi kubwa iliyo ukutani nje, akaifunga kwa kufuli. Nikasikia tena harufu ya plastiki iliyoungua na ya dagaa walioanikwa, kama mchana ule wa utotoni kwetu Kisesa.

Baba naye aliizima swichi kubwa, akaifunga kwa kufuli, akanipa ufunguo.

"Ushike wewe. Usimpe mtu mpaka nitoke."

Akaingia ndani, akagusa nyaya kwa testa kwanza kuhakikisha hazina umeme, ndipo akaanza kulegeza skrubu za breka.

Mimi niliamini ameutia umeme wote mkononi mwangu. Niliubana ufunguo hadi kiganja kikauma, nikiogopa kwamba nikilegeza vidole, umeme utamwagika na kumfuata baba.

Mama Zawadi, mpangaji wetu aliyeuza sangara, akatoka.

"Shikamoo," nikasema, ngumi nikaificha mgongoni.

"Marahaba mwanangu. Barafu ya samaki wangu inayeyuka. Hebu lete ufunguo niwashe kidogo tu."

Nikatikisa kichwa. Akabembeleza, akaniahidi maandazi. Machozi yalinitoka, lakini ngumi sikuifungua. Baba alipotoka, ilibidi anikunjue vidole kimoja kimoja.

Leo najua umeme haukai kwenye ufunguo. Hata hivyo, juzi binti yangu alipoutia ufunguo wake mkononi mwangu na kusema, "Mama, usimpe mtu," nilikaa kizingitini nikaubana hadi kiganja kikauma.