Homa ya Sweta Mbili

Nilifundisha baiolojia sekondari mpaka nikastaafu. Ini nimelichora ubaoni kila mwaka. Siku daktari aliponiambia kwamba saratani ya utumbo mpana niliyofanyiwa upasuaji imesambaa hadi kwenye ini, nilitikisa kichwa kisomi na kujishika ubavu wa kushoto. Mke wangu, fundi cherehani, aliuchukua mkono wangu taratibu akauhamishia kulia.

Daktari, binti wa umri wa mwanangu, alijifanya hakuona. Alieleza kuwa kuna vivimbe viwili, na moyo wangu haungehimili upasuaji mwingine mkubwa. Wangepitisha sindano ndefu ubavuni hadi kwenye kila kivimbe, waingize gesi ya baridi kali, kigande, kife.

“Haiondoi ugonjwa wote, mzee,” alisema. “Tunashughulika na hivi tunavyoviona.”

Mie nilichosikia ni baridi kali.

Asubuhi ya siku yenyewe nilivaa sweta mbili, soksi za sufu na kofia niliyonunua kwenye baridi ya Njombe nilipokwenda kusimamia mitihani. Kutoka nyumbani Madale hadi hospitalini Ubungo jasho lilinitiririka kama bomba limepasuka.

“Baba, si wanagandisha uvimbe tu?” mke wangu aliuliza.

“Mama, kati yetu nani mwalimu wa sayansi?”

Nesi alinipima joto, akapima tena, akamwita daktari. Mwenye homa hafanyiwi, wakasema, labda nirudi wiki ijayo.

“Mvueni kwanza hayo masweta,” mke wangu alisema.

Nikakaa chini ya feni, nimevaa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, wagonjwa wenzangu wakinitazama kwa huruma, mpaka joto likashuka.

Nilipozinduka kutoka usingizi wa dawa, bega la kulia liliniuma vibaya. Nikamwambia daktari wamekosea, wamegandisha bega. Akanieleza kwa upole kwamba msuli wa kupumulia ulio juu ya ini ukisumbuliwa, maumivu husikika begani. Hilo nalo nimelifundisha.

Baada ya miezi mitatu picha ilionyesha kivimbe kimoja kimekufa. Cha pili kilikuwa na ukingo ulio hai, kwa hiyo kingegandishwa tena. Nje, kwenye korido, nilimwambia mke wangu kwamba naogopa. Sikuwahi kulitamka neno hilo kabla.

“Najua,” alisema. “Mie pia naogopa.”

Tukakaa kwenye benchi pale pale, hakuna aliyemfundisha mwenzake kitu.