Michembe ya Mama Mbuke Si ya Nguruwe

Nakumbuka mahali hasa uvumilivu wangu ulipokatikia, mwanangu Kabula. Ni Ipililo, kwa bibi yako Mbuke, kando ya jabali analoanikia michembe, vile vipande vyake vya viazi vitamu. Wewe ulikuwa unanyonya. Mkono mmoja nimekushika, mwingine una kiazi kilichomenywa nusu, ndiyo maana simu ilipoita nikaiweka spika. Laiti nisingeiweka.

"Dada, habari za kazi. Nimeona tangazo lako mtandaoni. Hiyo michembe nguruwe wadogo wanaiweza hivyohivyo, au niiloweke kwanza?"

"Kaka, hicho ni chakula cha watu."

Akauliza, kwa adabu kabisa, "Watu gani?"

Kisu cha bibi yako kikasimama. Ninavyomjua mama mkwe wangu, anaweza kukata kiazi huku anasalimia, huku anagombeza kuku, huku anamwimbia mjukuu, na vipande vikatoka vyembamba vyote sawa. Siku ile kisu kilisimama.

Nilimfokea yule kaka wa watu mpaka wewe ukaacha ziwa ukaanza kulia. Watu gani? Sisi! Mimi, na mama yangu aliyekaa hapa, na babu zake wote waliovuka kiangazi na michembe ya karanga! Maskini, akasema tu, "Nisamehe dada, nimeikuta kwenye Chakula cha Mifugo. Mimi ningejuaje?" Alikuwa na haki. Hasira yangu haikuwa yake, ila yeye ndiye aliyepiga simu.

Bibi yako akafuta kisu kwa khanga. "Nani kasema michembe yangu ni ya nguruwe?"

"Mama, ni mtandao, wao ndio..."

"Sijauliza mtandao. Nimeuliza nani."

Akafunga viazi vilivyobaki ndani ya gunia, akasema mpaka nimletee jibu lenye mtu ndani yake, hakuna mchembe hata mmoja utakaotoka pale kuja kwangu Bariadi. Akaingia jikoni. Hakunung'unika, hakunitukana. Angenitukana ningelala vizuri.

Sasa kaa nikueleze ilivyoanza, maana siku moja na wewe utakuwa na kitu cha kuuza, na simu yako itakuwa na akili kuliko hii yangu.

Nilipomaliza kidato cha nne sikupata pa kwenda, nikaolewa, ukaja wewe. Michembe ya bibi yako ilikuwa inasifiwa Maswa nzima, nami nikaona niifunge kwenye pakiti safi niiuze mtandaoni. Swali lilikuwa ni wapi. Kulikuwa na grupu la watu wa nyumbani waliotawanyika Mwanza, Dodoma na Dar, ambalo shangazi yako alinitia. Kulikuwa na kufungua ukurasa wangu mwenyewe wa picha. Na kulikuwa na soko moja kubwa la mtandaoni, lile linalojitangaza kila ukifungua simu, lenye kila kitu, kuanzia sufuria hadi matairi.

Nikachagua lile kubwa. Nilijiambia, penye watu wengi ndipo penye wanunuzi wengi. Grupu la nyumbani nililidharau. Niliona ni la salamu, misiba na picha za harusi. Nani ananunua kitu pale?

Kwenye kujisajili wakaniuliza bidhaa yangu iwekwe fungu gani. Nikatafuta michembe, haipo. Nikatafuta viazi vilivyokaushwa, havipo. Kijana wa ofisini kwao akaniandikia, "Usijali madam, tutakupangia sisi." Nikashukuru, mwanangu. Nikashukuru kwa mikono miwili.

Kumbe wamenipangia kati ya pumba na mashudu ya pamba.

Nilipoona, niliandika kwa upole. Mashine ikajibu, "Asante kwa kuwasiliana nasi." Nikaandika tena. Mashine ikashukuru tena. Mteja mmoja akaacha maoni kwamba kuku wake hawakuipenda. Akanipa nyota moja! Kuku! Nikameza. Nikapiga simu, nikampata yule kijana wa usijali madam.

"Madam, tatizo ni picha uliyotuma. Ina mbuzi."

Nikaitazama picha upya. Kweli, nyuma ya michembe, pale juu ya jabali, mbuzi wa jirani amesimama anatazama mbali kama mwenye nyumba. Wallahi sikuwahi kumwona. Kwetu huku nani anamwona mbuzi kwenye jabali? Unaanika, unaweka mtoto mwenye fimbo afukuze, basi. Mbuzi ni sehemu ya jabali. Lakini mtu aliyekaa kwenye ghorofa, ambaye hajawahi kuonja mchembe maishani, aliona chakula, akaona mbuzi, akamaliza kazi yake.

"Sasa kaka, picha ya maziwa ikiwa na ng'ombe, maziwa ni ya ng'ombe?"

Akacheka. Nami nikacheka, nilidhani tumeelewana. Nikatuma picha nyingine, ya sahani mezani. Hakuna kilichobadilika. Nikaomba basi waniondoe. Wakasema tangazo likishapokelewa ni wao tu wanaoweza kulitoa, na ombi langu linafanyiwa kazi. Lilikuwa bado linafanyiwa kazi nguruwe walipofika Ipililo kwa njia ya spika.

Mwanangu, hasira ninayo hadi leo na siifichi. Ila nimeshaipoza kiasi cha kuweza kukufundisha nayo kitu.

Kabla hujapeleka kitu chako mahali, ingia kwanza kama mnunuzi. Andika jina la kitu hicho kama mama yako anavyolitamka, uone kinatokea nini. Kisipotokea chochote, usidhani umepata soko lisilo na mpinzani. Huenda watu wa pale hawajui hata kukiita. Tazama kingekaa jirani na nini. Uliza nani anapanga, na ukikosewa utampata nani, mtu mwenye jina na sauti. Na uliza mlango wa kutokea uko wapi wakati bado wanakubembeleza uingie, maana ukishaingia hawabembelezi tena.

Usifungue kila mahali kwa mkupuo pia. Mimi nina mikono miwili na mmoja ni wako. Mahali pamoja unapoweza kujibu watu vizuri panatosha kuanzia.

Na usidharau walio wachache wanaokijua kitu chako. Baada ya yale, niliweka picha moja tu kwenye grupu la nyumbani. Kaka mmoja wa Mwanhuzi anayeishi Dodoma akanisalimu kwa Kisukuma, akaandika, "Mwadila, mayu. Hiyo imekatwa kwa kisu au kwa mashine?" Nikajua nimefika. Huyo simwelezi mchembe ni nini. Ananieleza yeye, na namba yake ninayo mimi, si ofisi ya mtu. Wakafuata wengine, mmoja akitania kwamba mke wake wa Moshi ataificha pakiti ili yeye asiimalize. Lakini niliwaambia wote wasubiri, kwa sababu gunia la bibi yako lilikuwa bado limefungwa.

Jibu lenye mtu ndani yake nililiandika mwenyewe, nikamsomea akiwa jikoni. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akaniongezea sentensi moja ya mwisho, akanikataza nisiipambe. Kisha akafungua gunia, akachukua kisu.

Mungu akupe kitu cha kuuza usichokionea haya, Kabula, akupe wateja wanaojua jina lake, na mama mkwe anayenyamaza mahali pazuri. Na siku utakayokosewa, akupe moyo wa kuandika badala ya kumfokea mpiga simu. Mimi barua yangu niliichapa steshenari pale Bariadi, nikaituma kwao, na nakala nikaipeleka kwa mkono kwa afisa biashara, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ilisomeka hivi:

Kwa Meneja wa Soko,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU BIDHAA YANGU KUWEKWA FUNGU LA CHAKULA CHA MIFUGO

Tafadhali rejea mada hapo juu. Bidhaa yangu, michembe, ni chakula cha binadamu kitokanacho na viazi vitamu. Mmeiweka mahali pasipostahili, mmeombwa kurekebisha mkashukuru, mmeombwa kuiondoa mkashukuru.

Ninaomba mambo mawili. Tangazo liondolewe pamoja na maoni ya kuku. Pia aliyefanya uamuzi ule, ajulikane kwa jina lake, ampigie simu mtengenezaji wa michembe hiyo, Bi. Mbuke wa Ipililo, amwombe radhi yeye mwenyewe kwa sauti yake, si kwa ujumbe wa mashine.

Mbuzi aliyeonekana pichani ni wa jirani.

Bi. Mbuke anaomba iandikwe pia kwamba yeye hafugi nguruwe.

Wako katika biashara,
Mama Kabula, Bariadi.