Stelingi Aliyesema Kidogo

Asubuhi ile nilitoka Seven Hills, kitongoji cha Sydney, na begi moja, bila mpango wowote. Mipaka iliyofungwa kwa sababu ya korona ilikuwa imefunguliwa, na dada wa yule Mkenya niliyekuwa nikikaa naye alikuwa amefika kutoka Kisumu. Hakuna aliyenifukuza. Niliona tu godoro limeegemezwa ukutani koridoni, linangoja nafasi, nikajua nafasi yenyewe ni yangu. Stesheni nilipanda treni iliyotangulia kuja. Ilikuwa ya kwenda magharibi.

Njiani nilimwaza mwigizaji mmoja wa filamu, kama nilivyokuwa nikimwaza kwa miezi kadhaa.

Nilimjua tangu Kahama. Shule niliiachia darasa la sita kwa sababu banda umiza, kibanda cha kuonyeshea video, lilikuwa katikati ya njia, na mle ndani, kwenye televisheni ndogo, alikuwamo Mmarekani mmoja wa filamu za zamani, mrefu, mabega yameinama kidogo kama mtu anayepita mlango mfupi. Tulimwita Stelingi, yaani shujaa wa filamu. Kwa muda mrefu nilidhani ndilo jina alilopewa na mama yake. Mtafsiri wetu alizima sauti ya filamu, akashika kipaza sauti, akamsemea. Stelingi wa Kahama alikuwa msemaji hodari. Alitania, alitukana, alimwambia adui, "Leo utamkumbuka bibi yako."

Tulipofungiwa ndani hapa Sydney, zamu zangu za bohari zilipungua hadi siku mbili kwa wiki. Mchana mmoja nikamwona kwenye televisheni, na sasa sauti ilikuwa yake mwenyewe. Nikangoja aseme. Akavua kofia, akamtazama mwanamke aliyefiwa, akavaa kofia, akaondoka. Basi. Nilibaki nimekaa pale hadi tangazo la sabuni likaisha. Maneno yote niliyoyapenda utotoni hayakuwa yake, na bila maneno hayo alikuwa mkubwa zaidi.

Nikataka kujua ni mtu gani. Maktaba ilikuwa ikitoa vitabu mlangoni tu. Unaagiza kwa simu, unakikuta chako kwenye mfuko wa karatasi. Niliyasoma maisha yake kurasa nne kwa siku, kamusi pembeni. Naye aliacha shule mapema. Aliosha vyombo, alipakia mbao, alilala kwenye mabehewa ya mizigo. Studio aliingia kupeleka mbao za kujengea nyumba za uongo, wakamuuliza kama anaweza kuanguka kutoka juu ya farasi. Akaanguka miaka sita bila kupewa neno hata moja. Walipoanza kumpa maneno, aliyapitia na penseli akiyakata, hadi mwongozaji mmoja akalalamika kwamba mwandishi amelipwa bure. Alipozeeka studio ikamwacha. Akazunguka miji midogo akiigiza jukwaani, kisha akarudi na mvi zake bila kuzipaka rangi, na kazi aliyoifanya baada ya hapo ndiyo iliyoshinda zote. Sijui mtu mwingine aliyesubiri vizuri kiasi hicho.

Nilishuka St Marys kutafuta chakula. Katika duka la Waafrika, ukutani juu ya magunia ya unga, palikuwa na karatasi: chumba, mtu mmoja, piga simu kwanza. Nikapiga. Akaitika mama wa Kikongo. Njoo, akasema, ila usiingie ndani, kaa barazani.

Aliweka kiti cha plastiki upande mmoja na chake upande wa pili. Barakoa ilikuwa imembana mashavu.

"Mimi naosha bazee, papa, ku nyumba ya kutunzia bazee. Ndiyo kazi yangu. Bako kumi na mbili, na hii ugonjwa ikiingia kule, bataisha. Kule unatoka, kuna mtu aligonjwa?"

Ningeweza kusema hapana. Sikuwa na mahali pengine pa kulala.

"Ndiyo, mama. Mwenzangu mmoja. Alipona wiki iliyopita. Mimi sikuumwa."

Akaingia ndani, akarudi na kipimo cha korona, akakiweka sakafuni katikati yetu na kurudi kitini. Nikajichokoa pua, nikadondosha matone, nikakiacha kwenye ukingo wa baraza. Dakika kumi na tano.

"Piga hadithi," akasema. "Minachoka kungoja na kimya."

Nikampigia ya yule mwigizaji. Nilipomwita stelingi, akacheka.

"Kwetu Uvira tulisemaka akteri. Na akteri hafake."

"Huyu alikufa, mama. Filamu ya mwisho aliicheza mgonjwa, ameketi, kwa sababu kusimama kulimshinda. Ukimwangalia utadhani amekaa kwa dharau."

"Muongo wewe."

"Imo kitabuni."

Akatengeneza barakoa yake. "Alikufa na nani pembeni?"

"Mke wake. Na yule mama aliyekuwa akimpaka poda studio miaka yote."

"Bon. Hiyo ni vizuri. Bazee bangu babili balikufa mwaka jana, na mi ndiye nilishika telefone kwa sikio, batoto babo banaongea toka mbali. Ule mzee hakujibu. Lakini alisikia. Minajua alisikia."

Kengele ya simu yake ikalia. Dakika zilikuwa zimeisha. Akasogea hatua mbili, akashika magoti, akasoma akiwa mbali.

"Mustari moja. Hauna ugonjwa." Hakuonekana kufurahi haraka. "Hiyo ni ya leo. Kesho utapima tena, na kesho kutwa. Siku tano utakula ndani ya chumba, choo ni ile ya inje. Na kikohozi ikikuja, uniambie mbele ifike."

"Nitaijuaje kabla haijafika, mama?"

"Utaijua. Iko na miguu mizito."

Chumba kilikuwa upande wa nyuma, chenye mlango wake wa nje: kitanda, ndoo mpya, dirisha linalotazama uzio wa mabati. Nikaweka begi chini na kukaa kitandani kujaribu springi. Muda si mrefu nikasikia sahani ikiwekwa kizingitini, kisha hatua zikirudi nyuma na kusimama.

"Chukua, papa. Niko mbali."

Nikafungua mlango. Ilikuwa fufu na sombe, ugali wa muhogo na kisamvu, na mvuke ulikuwa bado unapanda.