Kikombe cha Mtori Kimehamia kwa Elia

Ndugu, jamaa na marafiki, natangaza kwa masikitiko: leo asubuhi nimepoteza cheo cha "fundi wetu" hapa ofisi ya ushirika wa wakulima.

Mtandao ulikatika. Wakulima kutoka Kilema wamejaa kwenye benchi wakisubiri kuhudumiwa, na kompyuta haziioni seva.

Nikafanya kama siku zote. Nikazima ruta, nikangoja, nikawasha. Kimya.

Nikazima tena, safari hii kwa upole.

Elia, mtaalamu mpya aliyeletwa juzi, akachungulia kompyuta yake. "Kaka, printa mpya imepewa anwani ileile ya seva. Zinagongana." Akabadilisha namba moja tu, mtandao ukarudi. Hata jasho hakutoa!

Sasa sikieni. Mama Massawe, mhasibu wetu, huleta mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, kwenye chupa ya chai, na kikombe cha kwanza ni cha aliyerudisha mtandao. Yaani mimi, miaka yote.

"Elia mwanangu, pole na kazi. Kunywa kabla haujapoa."

"Mama, hata mimi nilizima ruta," nikajitetea.

"Nilikuona, baba. Mara mbili."

Nyie mngevumilia? Mimi nimenuna mpaka mchana.

Na hapa niliajiriwa kuwa dereva.