Mchunga ngamia aliyewahurumia panya

Jua halijachomoza Garissa, na Dagane Abdiwahab, miaka 58, amesimama mbele ya vizimba vya panya wenye mimba, mikono ameifunga nyuma. Amechoka, na macho yake hayafichi.

"Mkono ikikaa mbele, itafanya kazi yake," anasema.

Mikono hiyo ililea ngamia 40 huko Tarbaj mpaka ukame ulipowamaliza. Sasa inalisha panya katika maabara ndogo ya utafiti. Wenzake msikitini humuuliza kama mwaka huu atawakamua.

Kazi yenyewe si ya mzaha. Panya hao wana mimba na wana kisukari. Nusu hupewa dawa iliyotolewa kwenye majani ya mlonge. Nusu hupewa maji matupu, ili ijulikane kama kweli dawa ndiyo inayoshusha sukari. Dagane alielezwa hayo siku ya kwanza, lakini mazoea yana tabu.

Wale wa maji matupu walianza kukonda. Kwa mfugaji, jike mwenye mimba akikonda hutengwa, akaongezewa malisho. Kila asubuhi Dagane akawatupia mahindi kidogo.

Majibu yakatoka: waliopewa dawa, sukari chini, wenzao, juu ajabu. Maabara nzima ikashangilia, na Dagane kuliko wote. Bintiye Sabrin, mwenye mimba ya miezi sita, anajidunga insulini kila siku.

Kisha mtafiti, Iftin, akauliza mbona wale wa maji sukari yao imepita kiasi. Dagane akakumbuka mahindi yake. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyemwona.

"Nikasema, hii mahindi ni mimi nilipatia wao. Huruma tu, wallahi."

"Adeer, afadhali umesema," Iftin alimjibu, akimwita ami kwa heshima, kisha akamweleza kuwa mahindi ndiyo yaliyopandisha sukari ya wale wa maji. Kazi ya wiki tisa ikatupwa. Dagane akapewa barua ya onyo.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. "Aabo, si ungenyamaza tu!" Sabrin alimwambia baba yake huku akilia. Neno hilo linamuuma mpaka leo.

Majaribio yameanza upya. Hata yakifaulu, itapita miaka kabla ya mama mjamzito kupewa dawa hiyo. Sabrin atakuwa amejifungua zamani. Dagane anajua, na ameamua kubaki mpaka mwisho.

"Daktari anasema mtoto ni msichana. Iko siku yeye pia atabeba mimba. Huyo nataka apate dawa ya kweli."

Jike mmoja aliyekonda anasogea kwenye waya; amemzoea. Dagane anakaza mikono nyuma, anamwomba radhi kwa Kisomali, kisha anaenda kizimba kinachofuata.