Kigong'ota wa Biharamulo aliyekuja kuzaa shambani kwangu Ntobeye

Wakuu, habari za humu. Mlio sawa na wanangu, marahaba, najua mngenisalimia. Nina darasa la nne tu na naandika kwa kidole kimoja, ila haya nimeyaona mwenyewe, sina cha kuongeza.

Nilizaliwa Nyamahanga, Biharamulo. Nikaolewa huku Ntobeye, Ngara, na sasa nina wajukuu kumi na mmoja, majina yote ninayo kichwani.

Marehemu baba, Paulo, alikuwa mrina asali. Nikiwa mdogo alinionyesha porini kigong'ota asiyefanana na wengine. Jike ana uso wa kahawia, kama kapakwa ugoro. Kifuani ana madoa, si mistari. Tena hakai mtini tu, hushuka chini kula sisimizi.

Tangu niolewe sikumwona tena. Huku vigong'ota wapo, lakini si yule.

Mwaka huu nikamwona! Katoboa tundu kwenye mgrivea mkavu nyuma ya migomba, makinda yanalia ndani.

Shida ni kwamba mti ule mwanangu Deogratias aliutenga kwa kuni za harusi ya binti yake, Jenipha. Jumamosi unaangushwa.

Nikasema jamani, ndege huyu si wa huku, ni wa kwetu. Wifi yangu Veridiana akacheka mpaka kitenge kikamlegea.

"Wifi, amekuja kukurudisha kwenu huyo! Funga mizigo!"

Deo akampiga ndege picha kwa simu, akaituma kwa dada mmoja mtaalamu wa ndege, Anitha, aliyekuwa amefikia Rulenge. Jibu likaja: ni wa kawaida.

"Umesikia mama? Mtaalamu kasema."

"Kaona mgongo tu. Mwambie aje amwone akila."

Nilisema kwa hasira wakuu, nakiri. Hata uji sikunywa.

Alhamisi Anitha akaja na bodaboda, darubini shingoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kaa mkekani, usiongee."

Siku hiyo ndege hakushuka kabisa. Deo akaanza kunoa shoka. Anitha, nadhani ni kwa heshima tu, akakubali kurudi kesho yake.

Ijumaa jua limepanda kidogo, jike akashuka kwenye sisimizi, akainua uso. Anitha akaniminya mkono.

"Bibi, nisamehe. Huyu tunamwandika kuwa ni wa mapori ya Biharamulo, na hata huko ni adimu. Huku sijawahi kusikia."

Deo akaiomba darubini, akatazama muda mrefu. Kisha akarudisha shoka ndani.

Harusi tukapikia kuni za mikaratusi mibichi. Moshi wake sasa! Wapishi walinisimanga kutwa: "Bibi, pilau linanuka ndege wako!" Nami nacheka, machozi yananitoka kama wao.

Wiki iliyofuata makinda matatu yakaruka, na Veridiana ndiye aliyekuja mbio kuniita.

Nilichojifunza: ukijua kitu, eleza unakijuaje. Nilipiga kelele "ni wa kwetu, ni wa kwetu", haikusaidia. Uso wa kahawia na sisimizi ndivyo vilivyouokoa mti.

Mlioko Ngara, Kibondo, Kakonko, mmeshamwona? Tajeni kijiji, na alikuwa anakula nini. Anayetaka kubisha abishe, ila aniambie kwanza kama uso wa ndege aliuona.